Storrs: Kijiji Chenye Mashabiki wa Jimbo Zima

Usiku wa tarehe 12 Machi 2009, ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, vijana wa vyuo vikuu viwili walianza mechi ya mpira wa kikapu ilipopita saa tatu na nusu. Walipotoka uwanjani ilikuwa saa saba na dakika 22 usiku. Chuo Kikuu cha Connecticut, ambacho kila mtu anakiita UConn, kilikuwa kinacheza na Syracuse katika robo fainali ya mashindano ya Big East. Dakika 40 za kawaida zikaisha kwa sare. Zikaongezwa tano, sare. Zikaongezwa nyingine tano, sare tena. Nyongeza zilifika sita, wachezaji wakawa wanatolewa mmoja baada ya mwingine kwa kujaza faulo, na hatimaye Syracuse wakashinda kwa pointi 127 kwa 117.

Mlinzi wa kikapu cha UConn msimu ule alikuwa kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21. Jina lake Hasheem Thabeet.

UConn walifungwa, lakini muulize shabiki yeyote wa chuo hicho mwenye umri wa kukumbuka, naye atakueleza alikuwa wapi usiku ule: nani aliyekuwa amekaa naye, nani alikata tamaa akaenda kulala kwenye nyongeza ya tatu akajuta asubuhi. Wapo waliosahau mechi nyingi za ushindi lakini hiyo ya kufungwa wanaisimulia mtupo kwa mtupo. Ushabiki wa timu ya chuo una tabia hiyo, na Connecticut ni mahali pazuri pa kuutazama kwa karibu.

Thabeet alianza kucheza kikapu akiwa tayari kijana, jijini Dar es Salaam, kisha akapata nafasi ya kumalizia sekondari huko Houston, Texas, na mwaka 2006 akafika UConn. Alikaa misimu mitatu tu. Katika msimu wa mwisho alikuwa anazuia mitupo zaidi ya minne kwa wastani katika kila mechi, kiwango ambacho kinamfanya mshambuliaji afikirie mara mbili kabla ya kuingia chini ya kikapu. Alitajwa kuwa mlinzi bora wa Big East, na mwaka 2009 akagawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi hiyo na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Timu ilifika nusu fainali ya taifa, ikatolewa na Michigan State pale Detroit. Juni mwaka huohuo Memphis Grizzlies walimchukua akiwa wa pili kati ya wachezaji wote wapya, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Hakuwika sana huko. Kwa mashabiki wa UConn hilo halibadilishi kitu, kwa sababu walichompendea alikifanya mbele ya macho yao.

Misimu mitatu, basi. Kwenye klabu ya kulipwa shabiki anaweza kukua pamoja na nyota wake, akaoa na kupata watoto wakati nyota huyo bado anavaa jezi ileile. Chuoni mchezaji ana miaka minne ya kucheza, na aliye bora zaidi mara nyingi hamalizi hata miwili. Kila vuli wanaingia wageni wa umri wa miaka 18, na kila masika wengine wanaaga. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mashabiki wa Storrs wanaishi hivyo mwaka baada ya mwaka: wanapokea mgeni, wanajifunza kutamka jina lake, wanamshangilia, wanamuaga, wanasubiri mwingine. Anayebaki ni mwenyeji.

Na mwenyeji huyu anakaa wapi? Storrs si jiji. Ni kijiji ndani ya wilaya ya Mansfield, kama kilomita 40 mashariki ya Hartford, makao makuu ya jimbo. Chuo kilianza mwaka 1881 kama shule ya kilimo, kwa ardhi na fedha za ndugu wawili, Charles na Augustus Storrs. Ng'ombe bado wapo. Wanalishwa mlimani pembeni ya madarasa, na maziwa yao yanatengenezwa aiskrimu inayouzwa hapohapo chuoni. Aiskrimu inayopendwa kuliko zote, ya vanila yenye siagi ya karanga na karanga zilizopakwa chokoleti, imepewa jina la mbwa wa timu, Jonathan. Familia zinazokuja kwenye mechi hupanga foleni kuinunua hata kukiwa na theluji nje.

Jonathan mwenyewe ni mbwa wa kweli wa aina ya husky. Wa kwanza aliletwa miaka ya 1930, akaitwa kwa jina la Jonathan Trumbull, aliyekuwa gavana wa Connecticut wakati Marekani inapigania uhuru wake. Tangu hapo akifa au kuchoka mmoja anafuata mwingine kwa jina lilelile, kama wafalme. Karibu na uwanja wa ndani kuna sanamu yake ya shaba. Mwili wote wa sanamu umeshika rangi ya giza ya shaba ya zamani, isipokuwa pua. Pua inang'aa, kwa sababu wanafunzi wanaisugua kuomba bahati kabla ya mitihani, na mashabiki nao hawapiti bila kuigusa.

Jimbo lenyewe lina watu kama milioni tatu na laki sita, limebanwa kati ya New York na Boston. Miji hiyo miwili ina timu za kila mchezo, na watu wa Connecticut wamegawanyika kati yake tangu zamani: kwenye besiboli, huyu Yankees wa New York, jirani yake Red Sox wa Boston. Timu kubwa ya kulipwa waliyoiita yao peke yao ilikuwa Hartford Whalers, ya mpira wa magongo wa barafuni. Mwaka 1997 mwenye timu aliihamishia North Carolina. Mwaka uliofuata wakapewa tumaini jingine: Robert Kraft, mmiliki wa New England Patriots, timu ya futiboli ya Kimarekani, alikubaliana na serikali ya jimbo kuihamishia timu yake Hartford kwenye uwanja mpya. Tarehe 30 Aprili 1999 akajitoa.

Lakini mwezi mmoja kabla ya siku hiyo, tarehe 29 Machi 1999, wavulana wa UConn walikuwa wamewafunga Duke 77 kwa 74 na kutwaa ubingwa wa taifa kwa mara ya kwanza. Tajiri alikuwa huru kuondoka na timu yake. Chuo cha umma kilichojengwa juu ya shamba hakihamishiki, na watu walilielewa hilo vizuri. Ukitaka kujua kwa nini wakili wa Hartford, fundi bomba wa Waterbury na bibi mstaafu wa New London wote wana fulana ya buluu yenye jina la chuo ambacho labda hakuna hata mmoja wao aliyesoma, anzia hapo.

Safari yenyewe ilikuwa imeanza kabla. Jim Calhoun alichukua timu ya wavulana mwaka 1986, wakati UConn walikuwa wanyonge wa Big East, ligi ambayo walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake mwaka 1979. Msimu wa 1989 hadi 1990 ndio uliogeuza mambo. Januari 1990 ulifunguliwa uwanja mpya wa ndani, Gampel Pavilion, wenye paa la kuba, ambao siku hizi una nafasi ya watu wapatao elfu kumi. Miezi miwili baadaye, tarehe 22 Machi, UConn walikuwa wanacheza na Clemson katika mashindano ya taifa huko New Jersey. Walikuwa wameongoza kwa pointi nyingi, uongozi ukayeyuka wote, na zikiwa zimebaki sekunde chache Clemson wakapita mbele kwa pointi moja. Ikabaki sekunde moja. Mpira uko upande wa pili wa uwanja kabisa.

Aliyepewa kuurusha alikuwa Scott Burrell, na hapo bahati ilikutana na maarifa, maana Burrell alikuwa pia mrushaji wa besiboli, kiasi kwamba Seattle Mariners, timu ya besiboli ya kulipwa, walikuwa wamemchagua mwaka mmoja kabla. Mkono wake uliweza. Mpira ulivuka uwanja mzima hadi kwa Tate George, akaudaka, akageuka, akatupa. UConn 71, Clemson 70. Siku mbili baadaye Christian Laettner wa Duke aliwafanyia wao vilevile, sekunde za mwisho, 79 kwa 78, na safari ikaishia hapo. Mtupo wa George na mtupo wa Laettner inasimuliwa kwa pamoja, na watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye wanaijua hadithi yote. Shabiki wa Yanga au wa Simba anaelewa urithi wa namna hiyo. Mtoto anaupata mezani, kabla hajajua kusoma.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo mashabiki wa UConn wamelifanya kuliko karibu wengine wote duniani, nalo linastahili kusemwa kwa sauti. Waliwapenda wasichana.

Geno Auriemma alikuja kufundisha timu ya wanawake mwaka 1985. Katika historia yake yote timu hiyo ilikuwa imewahi kuwa na msimu mmoja tu wa ushindi mwingi kuliko kufungwa, na ilichezea ukumbi mkongwe ambao watazamaji wangeweza kuhesabiwa kwa macho. Miaka kumi baadaye, tarehe 16 Januari 1995, Tennessee, timu iliyoheshimiwa kuliko zote nchini, ilikuja Gampel ikakuta hakuna kiti kitupu, ikafungwa 77 kwa 66. Aprili walikutana tena kwenye fainali na UConn wakashinda 70 kwa 64, wakamaliza msimu na mechi 35 bila kupoteza hata moja.

Ushabiki huo haukushuka kutoka mbinguni. Kuanzia mwaka 1994 televisheni ya umma ya jimbo, CPTV, ilikuwa inaonyesha mechi za wanawake, na iliendelea hadi 2012. Hiki ni kituo kinachoishi kwa michango ya watazamaji, kinachojulikana kwa vipindi vya watoto na makala za historia, na ghafla kipindi chake kinachopendwa kuliko vyote kikawa kikapu cha wasichana wa chuo. Wazee waliokuwa hawatoki nyumbani wakati wa baridi walipata kitu cha kusubiri jioni. Akina mama na akina bibi ambao hakuna aliyewahi kuwauliza wanashabikia timu gani wakawa wanajua mchezaji yupi ni mzito kurudi kulinda na yupi mkono wake wa kushoto ni dhaifu. Bila msichana kuonekana mara mbili au tatu kila wiki, kwa jina na kwa sura, mapenzi hayo yasingekuwepo. Wasimamizi wa michezo wanaolalamika kwamba watu hawaendi kutazama timu za wanawake wangefanya vyema kuitazama Connecticut ya miaka ile. Mechi zilionyeshwa kwanza, ndipo umati ukaja.

Mwaka 2004, katika siku mbili zilizofuatana, wavulana na wasichana wa UConn wote walitwaa ubingwa wa taifa. Hakuna chuo kilichowahi kufanya hivyo kabla. Mwaka 2014 wakarudia, na hadi hapo hakuna kingine kilichokuwa kimefanya. Timu ya Auriemma iliwahi kushinda mechi 111 mfululizo, hadi usiku wa tarehe 31 Machi 2017 Mississippi State walipoikatisha mbio hizo kwa mtupo wa mwisho katika dakika za nyongeza, 66 kwa 64. Baada ya hapo ukaja ukame. Wasichana walifika karibu na kombe mara kwa mara na kurudi mikono mitupu, hadi Aprili 2025 Paige Bueckers na wenzake walipowafunga South Carolina 82 kwa 59 na kuleta kombe la 12.

Wavulana nao wana makombe sita: 1999, 2004, 2011, 2014, 2023 na 2024.

Makombe yanaweza kumdanganya mtu adhani kuwa shabiki wa UConn ni kula raha tu. Miaka saba, kuanzia 2013 hadi 2020, chuo kilikuwa nje ya Big East baada ya ligi hiyo kuvunjika kwa ajili ya fedha za futiboli ya Kimarekani. UConn wakajikuta katika ligi mpya yenye wapinzani kama Tulane wa New Orleans, Tulsa wa Oklahoma na East Carolina. Wasichana hawakupoteza hata mechi moja ya ligi hiyo kwa miaka yote saba. Hata hivyo watu wa Storrs walinyong'onyea, maana adui wa zamani hana mbadala. Mtu hawezi kumchukia Tulsa kwa moyo wake wote. Anamhitaji Georgetown, anamhitaji Villanova, anamhitaji St. John's, watu ambao baba yake pia alizozana nao. Ilipofika Julai 2020 na chuo kikarudi Big East, mashabiki walikuwa wanajiandaa kurudi kila Machi Madison Square Garden, ukumbi ambao wao wenyewe wanauita Storrs ya kusini kwa jinsi wanavyoufurika.

Makosa pia yapo. Usiku wa ubingwa wa 2023 baadhi ya wanafunzi walivunja vioo na kuangusha nguzo za taa chuoni, na polisi wakakamata watu. Furaha ya kuharibu mali ya chuo unachodai kukipenda haina utetezi, na wapo mashabiki waliosema hivyo.

Deni kubwa zaidi la mashabiki, hata hivyo, liko kwa wachezaji wenyewe. Mwaka 2013 wavulana wa UConn walizuiwa kushiriki mashindano ya taifa kwa sababu alama za masomo za timu katika miaka iliyotangulia zilikuwa chini ya kiwango. Wachezaji kadhaa waliondoka. Shabazz Napier alibaki, akacheza msimu mzima ambao haukuwa na kombe lolote la kugombea, na mwaka uliofuata akawaongoza wenzake hadi ubingwa, timu iliyokuwa imepangwa nafasi ya saba tu katika kanda yake. Katika siku hizohizo za fainali Napier aliwaambia waandishi wa habari kwamba kuna usiku alikuwa analala na njaa. Mchezaji bora wa mashindano yanayoingiza mamilioni ya dola! Siku chache baada ya fainali NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kikaidhinisha wanamichezo wa vyuo wapewe chakula bila kikomo.

Maneno ya Napier yalipaswa kumuuma kila mwenye fulana ya buluu, na wengi yaliwauma. Ni rahisi kumpenda kijana anapofunga na kumsahau anapotafuta mkate saa nne usiku. Kwa miaka mingi sheria ilikataza mwanafunzi kupata hata senti moja kwa jina lake, huku jezi yenye namba yake ikiuzwa dukani. Hali ilibadilika Julai 2021, waliporuhusiwa kulipwa kwa matangazo na matumizi ya majina yao. Juni 2025 mahakama ikaidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja katika mwaka wa kwanza. Sasa mchezaji anaweza pia kuhama chuo kila mwaka bila kukaa nje msimu mzima kama zamani.

Mashabiki wengine wanalalamika kwamba mapenzi yameingia biashara. Lakini biashara ilikuwepo siku zote. Wasiolipwa walikuwa watoto tu. Ni haki walipwe. Kilicho kigumu kwa shabiki ni kwamba muda wa kumjua mgeni, ambao tayari ulikuwa mfupi, umepungua zaidi. Vuli inafika na nusu ya timu ni sura mpya kutoka vyuo vingine, na wafadhili sasa wanaombwa kuchangia malipo ya wachezaji, si majengo peke yake.

Ndiyo maana Alex Karaban anapendwa Storrs kwa namna ya pekee. Alianza kuichezea UConn msimu wa 2022 hadi 2023, akatwaa ubingwa miaka miwili mfululizo chini ya kocha Dan Hurley, na mwaka 2024 angeweza kwenda NBA. Akajiondoa kwenye uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA, akarudi. Msimu uliofuata ulikuwa mchungu, Florida wakawatoa katika raundi ya pili kwa tofauti ya pointi mbili. Milango ya NBA na ya vyuo vyenye pesa zaidi ilikuwa wazi. Aprili 2025 akatangaza kwamba anarudi kucheza mwaka wake wa nne.